Basi la alfajiri, uji wa saa 4

Saa 10:30 alfajiri mtoto wa darasa la pili anavalishwa soksi huku bado anasinzia. Saa 11 basi la shule linapiga honi getini. Chai? Nani ana hamu ya chai saa hizo!

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Aliyepanda kitandani saa 3 usiku amepata saba na nusu tu. Kutimiza tisa ilibidi alale saa 1:30 usiku, wakati wazazi wengi wa Dar es Salaam bado wako kwenye foleni. Akisinzia darasani, ripoti inaandika mvivu.

Shule zikibanwa husema basi ni moja na njia ni ndefu. Sawa, lakini vituo vinaweza kupangwa upya ili anayepandishwa wa kwanza asizungushwe mitaa yote.

Tatizo la pili liko jikoni. Aliyekula saa 2 usiku akasubiri uji wa saa 4 asubuhi amekaa saa 14 bila chakula. Jiko la kuni huchukua muda kukolea, na moshi wake anauvuta mpishi kila siku. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Kwa gesi, uji unaweza kuwa tayari watoto wanaposhuka kwenye basi.

Basi likisogezwa nusu saa bila jiko kuguswa, mtoto ataingia kipindi cha hesabu na njaa ileile. Kwenye kikao cha wazazi, mjadala wa ada ukiisha, mzazi aulize yote mawili: basi linaanza kuzunguka saa ngapi, na uji unaiva saa ngapi?