KUCHA YA JELI IKIACHIA, USIIGUNDISHE (Sehemu ya 4)



Najua niliahidi kwamba sehemu hii tutaongelea usafi wa vyombo vya mtoto. Tutaongelea, msijali. Ila wiki hii kuna kitu kimenikuta kliniki na kimenikaa rohoni, naomba nikitoe kwanza.

Alikuja mama na mtoto wa wiki sita, kamleta chanjo. Nikamwambia amvue mtoto tumpime uzito. Akawa anafungua vifungo kwa shida, kidole gumba cha kulia amekikunja ndani ya kiganja. Wewe ukishafanya kazi hii miaka, unajua mtu anapoficha kitu. Nikamwambia, "Mama, hebu nione huo mkono." Akanitazama, akasema, "Nesi, nakuomba usinigombeze."

Kucha ya jeli ilikuwa imeachia upande mmoja, imegundishwa, imeachia tena, imegundishwa tena. Chini yake kucha yake mwenyewe imekuwa ya kijani. Alikuwa anapaka dawa ya fangasi siku nyingi, haisaidii. Kisa chenyewe kifupi: siku ya tano tangu atengeneze, kucha ilinyanyuka. Akarudi saluni, fundi akaweka tone la gundi, akabonyeza, akasema, "Hapo sasa imekaa." Akalipa, akaenda nyumbani kuosha nepi.

Kucha ile iliniumiza, lakini lile neno "usinigombeze" liliniumiza zaidi. Tusemane ukweli, sisi manesi tumezoea kugomba. Mama akija na kucha tunaanza: "Na makucha hayo unamshikaje mtoto?" Matokeo yake akina mama wanaficha mikono, na kinachofichwa hakitibiwi. Kwa hiyo leo sigombezi mtu. Umejifungua, umechoka, unataka kutazama mikono yako ujione bado ni wewe. Hilo nalielewa kabisa.

Ninachopinga ni kitu kimoja tu: GUNDI. Msimamo wangu ni huu. Kucha ya jeli ikiachia, ivuliwe, itafutwe sababu, itengenezwe upya. Isigundishwe na isifunikwe kwa jeli nyingine juu. Nasema hivyo nikijua wazi kwamba saluni nyingi zinafanya hivyo kila siku.

KWA NINI NAKATAA GUNDI

Kucha ikinyanyuka inatengeneza kamfuko kati ya jeli na kucha yako. Sasa hesabu mikono ya mama mwenye mtoto mchanga inaingia majini mara ngapi kwa siku: nepi, vyombo, kumwogesha mtoto, kufua, kupika. Kila mara maji yanaingia kwenye kale kamfuko, na hayatoki. Ukiweka gundi juu umeziba mlango na maji yakiwa ndani.

Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas, anapenda sana sehemu zenye unyevunyevu, kama masinki na mabomba. Akipata kamfuko kama hako anastawi, na anatoa rangi ya kijani. Ndiyo ile watu wengi wanaiita fangasi, wanakwenda duka la dawa wananunua krimu ya fangasi, halafu wanashangaa haiponi. Huwezi kumtibu bakteria kwa dawa ya fangasi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi shida hiyo inaishia kwenye kucha. Kwa mtoto mchanga dhaifu ni habari nyingine. Huko Oklahoma City, Marekani, kati ya 1997 na 1998, bakteria huyu alisambaa kwenye wodi ya watoto wachanga mahututi. Watoto 46 walimpata, na 16 kati yao walifariki. Watafiti walipochunguza, mambo yaliyoonekana huenda yalichangia yalikuwa kucha ndefu na kucha bandia za baadhi ya wauguzi. Sisemi kwamba mtoto wako nyumbani yuko katika hatari kama ile. Wale walikuwa watoto wagonjwa sana. Nasema tu kwamba kamfuko chini ya kucha si kitu cha kudharau. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 kuhusu usafi wa mikono unatukataza sisi tunaohudumia wagonjwa kuvaa kucha bandia. Na kama una mtoto njiti, au mtoto anayelazwa mara kwa mara, ningekushauri uache kucha hizi kwa muda, mpaka apate nguvu.

SASA TUJE KWENYE CHANZO

Wengi wakiona imeachia wanasema "jeli ilikuwa feki." Inawezekana. Lakini kabla ya kulaumu jeli, tazama imeachia wapi. Mahali ilipoachia panakuambia mengi.

Imeachia chini, karibu na ngozi? Mara nyingi ni maandalizi. Kuna kangozi kembamba kakavu kanakobaki juu ya kucha. Kasipoondolewa, jeli inashika hako kangozi badala ya kushika kucha. Au fundi aliifikisha jeli mpaka kwenye ngozi yenyewe. Jeli inatakiwa iache nafasi ndogo tu kama uzi kabla ya ngozi.

Imeachia pembeni? Angalia kama jeli ilimwagikia ngozi za ubavuni, au kama kucha ni ndefu kuliko uwezo wake. Kucha ndefu ni kama mti mrefu kwenye upepo, shina ndilo linaloteseka.

Imeachia nchani? Labda ncha haikufungwa kwa jeli. Au ni wewe mwenyewe, mama: unafungulia soda, unabandulia stika, unakwangulia sufuria. Kucha si bisibisi.

Imetoka nzima kama ganda? Hapo kuna mafuta au maji. Umetoka kumpaka mtoto mafuta, ukakimbilia saluni, kucha haikusafishwa vizuri. Au ulilowekwa mikono kwenye beseni kwanza. Kucha inanywa maji na kuvimba kidogo. Baadaye ikikauka inasinyaa, jeli inabaki juu haina cha kushika.

Ni gumba tu? Hii wengi hawaijui. Ukiingiza vidole vyote vitano kwenye taa, gumba linalala upande, mwanga haulifikii vizuri. Gumba liingizwe peke yake, likiwa limetazama juu.

Na hapo kwenye taa naomba tukae kidogo. Jeli haikauki kwa upepo kama rangi ya kawaida. Inaiva kwa mwanga. Taa ikiwa dhaifu, au haiendani na jeli hiyo, au tabaka likiwa nene mno, juu inakuwa ngumu na chini inabaki mbichi. Jeli mbichi ina kemikali za jamii ya akrileti, na hizo zikigusa ngozi mara kwa mara zinaweza kuleta mzio: ngozi za kuzunguka kucha zinawasha, zinavimba, zinatoa vilengelenge. Wengine inawatokea hata kwenye kope, kwa sababu tunajishika macho.

Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki. Na kemikali za jamii hiyo hiyo zinatumika kwenye vifaa vya kuzibia meno na kwenye saruji ya mifupa ya upasuaji. Unaona ilivyo? Kufikisha jeli kwenye ngozi ni kosa moja lenye hasara mbili: kucha inaachia, na mwili unajifunza kuikataa dawa ambayo siku moja utaihitaji. Na fundi anayeshika jeli kuanzia asubuhi mpaka usiku yuko hatarini kuliko wewe mteja.

UFANYE NINI IKIACHIA

1. Usiivute. Ukiibandua kwa nguvu inaondoka na tabaka za kucha yako. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ulichokiharibu kwa dakika moja utakisubiri miezi.

2. Rudi kwa fundi aivue. Jeli inayoyeyuka inasuguliwa juu kwanza, inawekewa pamba yenye asetoni na kufungwa foili dakika 10 hadi 15, kisha inasukumwa taratibu. Ikigoma, inarudishiwa pamba. Isikwanguliwe. Zile jeli ngumu haziyeyuki, hizo zinasuguliwa tu kwa uangalifu.

3. Ukifanyia nyumbani, asetoni inashika moto haraka sana. Usikae nayo karibu na jiko la mkaa au la gesi, fungua madirisha, na chupa iwe mbali na mtoto.

4. Chini ukikuta kucha safi na haiumi, inaweza kutengenezwa upya. Ukikuta kijani, maumivu, usaha au uvimbe, USITENGENEZE. Iache wazi, iwe kavu, nenda kituo cha afya waione. Na mwambie fundi, vifaa vilivyogusa kucha hiyo visimguse mwingine kabla ya kusafishwa.

5. Ukiona muwasho na vilengelenge, acha jeli kabisa na uonyeshe kwa mtaalamu wa ngozi.

NENO KWA MAFUNDI, NA KWETU WATEJA

Mafundi wengi mnaonisoma ni akina mama pia, mnalea kwa mikono hiyo hiyo. Najua mtaniambia: "Nesi, mteja mwenyewe ana haraka, hataki kulipia kuvuliwa." Ni kweli, na hapo kosa ni letu. Tunakuja saa kumi na moja jioni, sherehe saa moja usiku, tunataka kucha kumi kwa bei ya kutupa, halafu tunanuna fundi akisema kazi nzuri inachukua muda. Fundi anakata palepale penye kukatika: maandalizi. Na maandalizi ndiyo kucha yenyewe.

Kwa hiyo napendekeza tukubaliane kabla ya kukaa kwenye kiti. Fundi aseme: ikiachia ndani ya wiki moja, naivua na kuirudia bure. Mteja naye akubali kulipa bei inayomwezesha fundi kusema hivyo. Saluni itakayoahidi hivyo haitapoteza. Kila kucha itakayorudi itamfundisha fundi kosa lake. Gundi haimfundishi kitu.

Najua pia kuna atakayeandika hapo chini, "mimi nagundisha miaka yote na sijapata kitu." Sawa dada, nashukuru Mungu. Hata anayevuka barabara bila kutazama huwa anafika, mpaka siku ile.

Yule mama tulimvua ile kucha siku hiyo hiyo kwa msaada wa fundi jirani, daktari akamwona, akaambiwa ile kucha akae nayo kavu na wazi. Amerudi juzi. Kijani bado kipo kwa mbele, lakini nyuma kucha mpya inakuja safi. Safari hii mkono hakuuficha. Aliuweka juu ya meza yangu mwenyewe, akasema, "Nesi, tazama."

Mama unayesoma, kama kuna kidole umekikunja sasa hivi, kikunjue. Nenda kaonyeshe, hakuna atakayekugombeza. Na akitokea nesi wa kukugomba, mwambie nesi mwenzake amesema aache.

Sehemu ya 5 ni vyombo vya mtoto, safari hii kweli. Niandikieni hapa: yako iliachia wapi, na fundi alikwambia nini?