Meza Haina Kosa, Kosa ni Dau

Jirani yangu mmoja, mama mjane anayeuza mahamri alfajiri, alimtuma mwanawe dukani kununua unga na mafuta. Kijana hakurudi mpaka baada ya Isha, na aliporudi alikuwa mikono mitupu. Fedha zote zilikuwa zimeliwa kwenye meza ya biliadi, ile yenye mashimo sita ambayo vijana huiita puli. Siku ya pili watu wa mtaa tuliandika barua ya kutaka meza ile iondolewe, nami nikatia sahihi kama wenzangu. Meza ikaondolewa. Haikupita wiki mbili ikaonekana mtaa wa pili, na vijana wetu walikuwa wamekwisha kuifuata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, tulimwadhibu mkosa, au tuliadhibu ubao?

Swali hilo ndilo linalonifanya leo niwaeleze wasomaji habari za biliadi ya namna nyingine, ile ya kingo tatu, na mashindano yake ya taifa ya wachezaji wa ridhaa, yaani watu wanaocheza kwa mapenzi tu wala si kwa kutafuta riziki.

Meza ya mchezo huu haina shimo hata moja. Urefu wake ni mita 2.84 na upana mita 1.42, na chini ya kitambaa kuna jiwe linalopashwa moto kwa umeme ili mipira iende vyema. Mipira ni mitatu tu. Mchezaji huupiga mpira wake kwa fimbo, nao ni lazima uiguse ile miwili mingine. Lakini kabla ya kuugusa wa pili, uwe umekwisha kugonga kingo za meza si chini ya mara tatu. Akifaulu hupata alama moja na kuendelea. Akikosa, humpisha mwenzake.

Aliyekulia Mwambao akicheza keram barazani hatashangaa. Anajua kete isiyofikika moja kwa moja hufikiwa kwa kugongesha ukingo. Basi mfikirie mtu anayetakiwa kufanya hesabu hiyo mara tatu kwa kila pigo! Katika mashindano ya kwanza ya hadhara, yaliyofanyika mjini St. Louis, Marekani, mwezi wa Januari 1878, mfululizo mrefu kupita yote ulikuwa wa alama 6 tu.

Sasa tuutazame utaratibu wao. Katika Ufaransa, kila mchezaji wa ridhaa hujiandikisha katika chama chake, na alama zake hugawanywa kwa idadi ya zamu alizocheza ili upatikane wastani. Shirikisho huwapanga wachezaji katika madaraja kufuata wastani huo, na hata madaraja ya chini yana fainali zake za taifa. Kwa hiyo fundi cherehani anayecheza jioni baada ya kufunga duka hashindanishwi na mabingwa wakubwa. Hushindana na wa kiasi chake, na akishinda huitwa bingwa wa taifa wa daraja lake. Anachorudi nacho nyumbani ni heshima hiyo, wala hapana mama aliyekosa unga kwa ajili yake.

Wala mtu asiseme kwamba huu ni mchezo wa Wazungu peke yao. Mwaka 1928, yalipofanyika huko huko Ufaransa mashindano ya dunia ya kingo tatu kwa wachezaji wa ridhaa, aliyetwaa ubingwa alikuwa Mmisri, Edmond Soussa. Uturuki imetoa mabingwa wa dunia wawili, Semih Saygıner mwaka 2003 na Tayfun Taşdemir mwaka 2022. Na mwaka 2023, mjini Ankara, fainali ya dunia ilikuwa baina ya vijana wawili wa taifa moja, Vietnam, na Bao Phuong Vinh akaibuka mshindi. Mabingwa kama hawa hawaokotwi njiani. Hulelewa na vyama, hupimwa katika mashindano ya nyumbani, ndipo wakapelekwa ugenini.

Najua wako watakaosema, "Mchezo ni mchezo tu, na kazi yake ni kupoteza wakati." Siwabezi, kwani mchezo unaomfanya mtu asahau sala na kazi ni hasara hata kama hapana senti mezani. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kamari imeharamishwa na dini yetu, na haramu hiyo haimo katika fimbo wala katika mpira. Imo katika dau. Dau hilo hilo likiwekwa juu ya keram, dhumna au karata, barazani petu penyewe mbele ya wazee, dhambi ni ile ile.

Tulipoiondoa meza tulilisahau dau, nalo likahama pamoja na meza. Hatukuwapa vijana chochote badala yake. Naomba vyama vya vijana na wazee wa mitaa tuanze na tulicho nacho: mbao za keram, na hata hizo meza za puli. Yaandikwe majina ya wachezaji, awepo refa, liwepo daftari la matokeo, na mchezo usimame adhana inapoadhiniwa. Atakayeonekana na dau afutwe jina lake. Daftari hilo likifika Lamu, Malindi na Kwale, tutakuwa tumepata mashindano ya Mwambao mzima, na kutoka hapo taifa si mbali.

Kijana wa jirani yangu ana mkono mzuri. Nimemwona kwa macho yangu. Siku ile alikuwa ameshinda mara tatu kabla hajala hasara. Mama yake bado hamtumi dukani. Ningependa siku moja arudi nyumbani baada ya mchezo, na mama amfungulie mlango bila ya kumtazama mikononi.