Chanda Kwanza, Pete Baadaye

Chanda chema huvikwa pete. Methali hii tunaijua sote, lakini siku hizi wengi wetu tunaisoma kinyumenyume: tunaililia pete, chanda tumekisahau. Mtu hajazibua hata mtaro mmoja mtaani kwake, tayari anataka aitwe mheshimiwa. Ndugu zangu, tabia hii inatupoteza. Na tumtazame mama mmoja wa Marekani, Dorothy Height, aliyeanza na chanda.

Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1912. Mwaka 1929 Chuo cha Barnard, New York, kilimkubali, kisha kikamfungia mlango, kwa kuwa nafasi mbili walizotengewa weusi zilikuwa zimekwisha jaa. Hakukaa kulia barazani. Alikwenda Chuo Kikuu cha New York, na kwa miaka minne akatoka na shahada mbili. Mwaka 1937 alikutana na Mary McLeod Bethune, mwanzilishi wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, akajiunga nalo. Mwaka 1957 akawa rais wa Baraza hilo, akaliongoza miaka 40.

Yupo atakayeuliza: kukalia kiti miaka 40, huo nao si uroho wa cheo? Ningekubali, lau kiti kingekuwa cha kukalia tu. Lakini tazameni kazi. Huko Mississippi, katika wilaya ya Sunflower, ambako weusi wengi walikuwa na njaa, Baraza lake lilishirikiana na mtetezi wa haki za weusi, Fannie Lou Hamer, kuanzisha benki ya nguruwe. Familia ilipewa jike la kufuga. Likizaa, baadhi ya watoto walirudishwa benki ili jirani naye apate. Huo ndio uongozi unaoingia mpaka jikoni kwa mtu.

Tarehe 28 Agosti 1963, katika maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi, alikaa jukwaani karibu na Martin Luther King. Alikuwa msemaji hodari, lakini nafasi ya kuhutubia hakupewa. Wangapi kati yetu wangesusa chama siku hiyohiyo? Yeye kesho yake alikuwa mkutanoni na wanawake wenzake, wakipanga kazi iliyobaki.

Pete zilikuja, tena kwa wakati wake. Nishani ya Uhuru ya Rais ilimkuta na miaka 82, mwaka 1994. Nishani ya Dhahabu ya Bunge alivishwa mwaka 2004, siku alipotimiza miaka 92. Mwaka huohuo Barnard nacho kikamtambua kuwa mhitimu wake wa heshima, miaka 75 baada ya kumfukuza mlangoni. Alipofariki mwaka 2010, Rais Obama alisimama kumwombolezea.

Basi, ndugu msomaji, heshima haiombwi wala hainunuliwi kwa fulana na pilau. Wewe unayetamani uheshimiwa, mtaro ulioziba uko mbele ya mlango wako. Chukua jembe leo, hata kama hakuna anayekutazama.