Acheni kuwakatia simu viziwi!
Jamani wadau, nimechoka. Hapa Marekani, nikitoka darasani naenda kuunganisha simu za viziwi. Kiziwi anachapa, mimi nakusomea. Wewe unajibu, mimi namchapia, neno kwa neno. Haki hiyo ipo kisheria tangu 1990, na namba ni 711. Lakini nikijitambulisha tu, mtu keshakata! Eti matapeli, eti watu wa matangazo. Ni kweli matapeli waliwahi kuichezea huduma hii. Na simu za kawaida je, hawazitumii? Mbona hizo mnapokea? Aliyekatiwa si mimi, ni mtu anayetafuta daktari, kazi, chumba cha kupanga. Halafu mimi ndiye wa kumchapia: "Amekata." Sekunde kumi za kusikiliza zinawashinda nini?