Injini Nayo Huvuta Hewa

Kila msimu wa bajeti, mjadala wetu kuhusu uokoaji huishia kwenye idadi ya magari ya zimamoto. Hatujadili vifaa vinavyobebwa ndani yake, ilhali ndivyo vinavyokata chuma na zege ili kumfikia aliyenaswa.

Injini ya petroli huvuta hewa kama binadamu. Kuunguza kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa, ambayo kwa kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Moshi unapotanda, oksijeni hupungua, masizi huziba chujio, na injini huzima wakati inapohitajika mno. Hata ikiendelea kunguruma ndani ya kifusi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kumuua yule yule tunayemtafuta.

Ufumbuzi wake haujajificha. Injini ibaki nje penye hewa safi, nguvu ifikishwe ndani kwa mipira mirefu ya haidroliki. Au zitumike zana za betri, ambazo hazihitaji oksijeni. Pale msumeno wa petroli usipoepukika, chujio la akiba liwe karibu nao, na asiyejua kulibadilisha asikabidhiwe msumeno huo.

Jijini Dar es Salaam, Kariakoo imetufundisha mara mbili. Julai 2021 soko kuu liliungua. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka, na walionaswa chini yake ikabidi wapelekewe oksijeni. Mahali ambapo mtu hupelekewa hewa, injini itavuta ipi?

Nitaambiwa kwamba fungu ni dogo. Nakubali, lakini chujio ni sehemu ndogo mno ya bei ya gari. Kinachokosekana ni kifungu cha matengenezo kisichoguswa fedha zinapopungua. Mtumishi wa umma anayeandaa zabuni anaweza kuandika sharti kwamba zana ijaribiwe katika moshi kabla ya kupokelewa, na kwamba muuzaji alete vipuri na mafunzo. Mwanaharakati anaweza kuuliza ni betri ngapi zimechajiwa usiku wa leo katika kituo cha wilaya yake.

Swali hilo halihitaji shahada ya uhandisi. Linahitaji raia anayetambua kuwa kodi yake imenunua uokoaji, wala si gari la kuegeshwa tu.