Kijani ndani ya bidoni

Juma hili tuongee juu ya viumbe ambavyo kila mmoja wetu amekwisha kuvibeba kichwani bila kujua. Ndani ya maji ya Kivu mna planktoni, yaani mwani mdogo usioonekana kwa macho, pamoja na vijidudu vinavyoula. Sambaza wanakula vijidudu, sisi tunakula sambaza na bugali.

Chakula hicho kinafuata majira. Wakati wa mvua, maji ya juu yenye joto yanalala juu ya maji ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na mbolea inabaki chini. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo unapoza maji na kuyakoroga hadi mita 60 hivi. (Si zaidi, na tushukuru, maana gesi nyingi iko chini zaidi.) Mbolea inapanda, mwani unaongezeka, vijidudu vinashiba na kuzaa.

Sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa Kivu haikuwa na samaki wa kula vijidudu vya katikati ya ziwa. Walikula kweli: dafnia, aliyekuwa mkubwa kati ya vijidudu hivyo, alitoweka. Leo kopepodi ndio wengi.

Hao kopepodi ndio wananihangaisha. Mdudu wa kipindupindu anapenda kushikamana na miili yao, na mmoja anaweza kubeba maelfu. Bomba linapokauka mtaani, watoto wetu wanateremka Kituku na bidoni. Waliokuwa Goma mwezi wa saba 1994 hawana haja ya kuelezwa ugonjwa huo.

Huko Bangladesh, wamama walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Matokeo yaliyotangazwa 2003 yalionyesha wagonjwa wa kipindupindu kupungua karibu nusu. Nguo kuukuu inashinda mpya, kwani nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Kitenge kilichochakaa kitafaa. Lakini nusu si wote, basi usiache kloro wala kuchemsha. Chuja kwanza, kwa sababu maji yenye uchafu yanamaliza nguvu ya kloro. Kisha osha kitambaa na kukianika juani kila siku, maana walionaswa wamebaki humo.