Kalamu Yetu na Umri wa Wazee



Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilianza kuwapa wazee waliotimiza miaka 70, wasiopata pensheni yo yote, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa mpango uitwao Inua Jamii. Fedha hizi si nyingi, lakini kwa mjane asiye na mtoto wa kumtazama ni unga na mafuta ya taa.

Mzee atakaye kuandikwa hana budi kuonyesha kitambulisho chake cha taifa. Hapo ndipo penye mashaka. Umri huhesabiwa kwa mwaka ulioandikwa, na wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia, kwa kuwa hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Aliyepunguziwa miaka mitano kwa kalamu hungoja miaka mitano kwa njaa.

Ni nani aliyeshika kalamu ile? Ni karani, mwenzetu.

Kwa hiyo twawasihi: mzee wa namna hii akifika mezani petu, tusimwambie, "Njoo kesho." Tumsomee fomu, tumwandikie barua ya kuomba kusahihishiwa umri, wala tusipokee kwake hata senti moja. Kalamu iliyokosa na itengeneze.